Rangi inameza nyuso za vijisanamu vyangu. Nifanye nini?

*"Fundi, shikamoo. Nipo Tabora, Ng'ambo, nina miaka 24. Kaka yangu anayesoma Uingereza aliniletea boksi la wapiganaji wa Kiafrika wa karne ya 19, vijisanamu 30 vya plastiki vya milimita 28, pamoja na chupa saba za rangi za akriliki. Jumamosi tunacheza mezani watu wanne, na natamani jeshi langu lifanane na rugaruga, wale wapiganaji wa mtemi Mirambo wa Wanyamwezi. Nimeshapaka tisa na sioni maendeleo. Rangi inafanya madonge na kumeza nyuso, macho hayaonekani. Nguo nyekundu nimeipiga mikono mitano na bado ni kama damu iliyoganda. Ngozi niliyochanganya mwenyewe inatoka ya kijivu. Nilinunua brashi ndogo kuliko zote, namba 000, lakini rangi inakaukia kwenye ncha kabla sijagusa kitu. Mkono nao unatetemeka. Rangi nyeusi ya mwanzo nilipuliza chumbani kwa spreyi ya magari nikaumwa kichwa siku nzima. Rafiki yangu anasema hiki ni kipaji, usipozaliwa nacho huna. Je, nivitoe rangi vyote nianze upya, nitafute rangi za bei ghali, au niache?"*

Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Picha ulizotuma nimezikuza kwenye simu nikatazama kijisanamu kimoja kimoja, na kilichonivuta macho kwanza ni mkanda wa yule wa tisa. Ni mstari wa kahawia usiofika milimita moja kwa upana, na umenyooka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kama tatizo lingekuwa mkono, mkanda ule ndio ungeharibika kabla ya kitu kingine chochote. Kinachokuangusha ni maji: yaliyomo kwenye rangi, yaliyomo kwenye brashi, na yanayokosekana kwenye hewa ya Tabora mwezi huu wa Agosti. Madonge, brashi inayokauka na sehemu kubwa ya hilo tetemeko vinatoka hapo. Wekundu na ngozi ni habari nyingine, nitazifikia.

Kwanza tupige hesabu ndogo, maana bila hiyo utaendelea kujilaumu. Milimita 28 ni kipimo cha kutoka unyayo hadi usawa wa macho. Macho ya mtu mzima yapo karibu mita 1.6 kutoka ardhini, kwa hiyo kijisanamu chako kimepunguzwa karibu mara 60. Chukua mkunjo wa shuka uliolala kwenye bega la mtu, wenye kina cha milimita 6. Ugawe kwa 60, unapata sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya daftari. Wachongaji wanalijua hilo, ndiyo maana hutia chumvi: vichwa na viganja huvifanya vikubwa kuliko vilivyo, na mikunjo huizamisha zaidi. Hata hivyo, rangi ikitoka kwenye chupa ikiwa nzito na ukaipiga mara mbili, umeshajaza bonde lote. Uso haukupotea kwa sababu hujui kuchora uso. Umefunikwa na matope.

Sasa tazama rangi yenyewe inavyokauka. Ndani ya chupa ya akriliki kuna unga wa rangi, chembe ndogo sana za plastiki, na maji yanayozitenganisha chembe hizo. Maji yakiruka, chembe zinasogeleana, zinabanana, zinaungana kuwa utando mmoja, na utando huo hauyeyuki tena kwa maji. Hatari ipo katikati, wakati rangi si maji tena na bado haijawa utando. Ni kama uji ulioachwa upoe ukafanya ngozi juu: ukiutia kijiko, ile ngozi inakunjamana na kukatika. Wewe unapopaka, ukaona pamebaki upenyo, ukarudisha brashi sekunde ishirini baadaye, unafanya hivyo hivyo. Madonge ninayoyaona kwenye mashavu ya kijisanamu cha pili na cha tano ni vipande vya ngozi iliyokatika. Ukiona umekosea na rangi imeshaanza kushika, toa mkono. Iache ikauke kabisa, kisha rudia.

Dawa ni kuipunguza nguvu kwa maji kabla haijagusa plastiki. Tumia kipande cha marumaru nyeupe, mafundi wa vigae hutupa vipande kila siku. Tone moja la rangi, tone moja la maji, changanya, kisha jaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Mstari ukikimbilia pembeni mwa ukucha, maji yamezidi. Ukiacha michirizi ya nywele za brashi, hayajatosha. Unachotaka ni mstari uliotulia, laini, unaoonyesha ukucha kwa mbali chini yake. Mkono wa kwanza utakukatisha tamaa kwa sababu hautafunika vizuri. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Subiri ukauke, piga wa pili, na kama ni lazima wa tatu. Mikono mitatu myembamba bado ni myembamba kuliko mmoja mzito.

Najua utakachoniandikia wiki ijayo: "Niliongeza maji, rangi ikamwagika kila mahali." Wengi hukwama hapa na kurudi kwenye rangi nzito. Wanachanganya mambo mawili, wepesi wa rangi na wingi wa rangi iliyobebwa na brashi. Mimi nilianza kazi kwa kuandika majina ya mitumbwi pale ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, na fundi wangu hakuniruhusu kugusa herufi kwa mwezi mzima. Kazi yangu ilikuwa kuchovya brashi, kuigusisha kwenye kitambaa, kuvuta mstari mmoja kwenye ubao wa zamani, na kurudia. Niliona ananionea. Alichokuwa ananifundisha ni kwamba brashi iliyotoka kuchovywa haiko tayari kupaka. Lazima itue kwanza. Basi chovya theluthi ya nywele tu, gusisha tumbo la brashi kwenye kitambaa chenye unyevu, izungushe kidogo ncha ikusanyike, ndipo uende kwenye kijisanamu. Kugusa huko kwa nusu sekunde ndiko kunakotofautisha rangi inayokaa ulipoiweka na rangi inayotiririka hadi magotini. Fanya zoezi hilo kwenye ubao jioni tatu kabla hujagusa kijisanamu cha kumi. Sitanii. Ukifanya hili peke yake na ukapuuza mengine yote ya barua hii, bado kazi yako itabadilika.

Ncha inayokauka ina sababu mbili, na moja umeinunua dukani. Brashi namba 000 ina tumbo dogo mno, inabeba tone lisilofika hata robo ya tone, na hewa ya kiangazi inalinyonya njiani kabla halijafika. Udogo wa alama unatokana na ukali wa ncha, unene wa brashi hauhusiki. Tafuta namba 1 au 2 yenye ncha inayokusanyika ikilowa. Ijaribu kabla ya kulipa: iloweshe, ikung'ute mara moja, uone kama nywele zinaungana au zinaachana kama ufagio. Zile za nywele za mnyama aitwaye kolinski, mfano wa cheche anayeishi Siberia, ndizo zinazoshika maji na ncha vizuri kuliko zote, lakini bei yake ni kubwa na bado hujafika huko. Ya nyuzi za kutengeneza inatosha. Itajikunja ncha kama ndoano baada ya muda; ikifika hapo itumie kuchanganyia na ununue nyingine. Rangi isipande hadi kwenye bati linaloshika nywele, kwa sababu ikikaukia ndani humo nywele zinatanuka na ncha hairudi tena. Osha kwa maji ya baridi na sabuni laini ya kuogea kila ukimaliza, na usilambe ncha kuinyoosha kama unavyoona wengine wakifanya. Baadhi ya unga wa rangi ni sumu.

Sababu ya pili ni hewa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba huko kwenu ni upepo mkavu na vumbi, tofauti na huku ziwani ambako unyevu hautukosi. Tengeneza kisahani chenye unyevu: chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, weka sponji bapa au kitambaa cha pamba kilichokunjwa, mwagia maji hadi kilowe bila kuelea, kisha tandika juu yake karatasi ya kuokea keki. Weka rangi juu ya karatasi. Maji yanapenya polepole kutoka chini kufidia yanayoruka juu, na rangi inabaki hai kwa saa kadhaa badala ya dakika chache. Mfuko wa nailoni hautafanya kazi hiyo kwa sababu haupitishi maji. Badilisha maji kila siku mbili, yasinuke. Na usikae kwenye jua la dirishani wala mbele ya feni.

Tuje kwenye wekundu. Unga wa rangi haulingani kwa nguvu ya kufunika. Nyeusi hufunika karibu kila kitu. Nyekundu na njano nyingi hupitisha mwanga: unaingia, unagonga kilicho chini, unarudi umebeba rangi ya kile cha chini. Wewe umekulia Tabora lakini mawese ya Kigoma bila shaka umeyala. Yamimine kidogo kwenye wali mweupe, wali unawaka rangi ya chungwa. Yamimine kiasi kile kile kwenye maharage meusi, unaona mng'ao tu. Mafuta ni yale yale. Wewe ulimimina nyekundu juu ya nyeusi mara tano, na ungeweza kufika mara kumi bila kupata kitu zaidi ya unene. Funika kwanza sehemu ya nguo kwa rangi nyepesi inayofunika vizuri: kahawia ya udongo ukitaka wekundu mzito, au rangi ya mchanga ukitaka wekundu unaowaka. Ikikauka, nyekundu mikono miwili. Ukifika kwenye kingo zinazopigwa na mwanga, ongeza rangi ya chungwa kidogo, usiongeze nyeupe, maana nyeupe itakupa waridi. Kwa njano fanya vilevile, chini yake weka mchanga au waridi iliyofifia.

Ngozi nitaizungumza kwa urefu, kwa sababu imenikera miaka mingi. Mafundisho mengi ya video yanaonyesha ngozi ya Mzungu: anza na waridi ya kahawia, ongeza nyeupe, ongeza tena nyeupe, umemaliza. Hata ile chupa inayoandikwa kuwa ni ya ngozi, kwenye seti nyingi ni rangi hiyo hiyo. Sisi tukizichukua hatua zile zile tukazipeleka kwenye kahawia iliyokolea, ngozi inapauka. Neno hilo nimelichagua makusudi. Ni ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga ziwani na hajapakwa mafuta. Nyeupe ya chupani ni titani dioksaidi, na kazi yake ni kutawanya mwanga wote bila kuchagua. Ukiitia kwenye kahawia, ule wekundu na unjano uliokuwa unaipa joto unafifia, kinachobaki mbele ni kijivu. Ndicho ulichokiona, na hukukosea kuchanganya. Ulifuata maelekezo yasiyokuhusu.

Anza hivi. Kahawia iliyokolea pamoja na chembe ya nyekundu, hiyo ndiyo rangi ya msingi, ipake uso na mikono yote. Kwa kivuli, chukua hiyo hiyo uongeze bluu kidogo sana. Usitie nyeusi, nyeusi inaua. Iweke chini ya kidevu, pembeni mwa pua, ndani ya matundu ya macho. Kwa mwanga, rudi kwenye rangi ya msingi uongeze rangi ya udongo wa mfinyanzi, ile njano ya kahawia, upake paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mabega. Mara ya mwisho ongeza tone la chungwa, na sehemu iwe ndogo zaidi. Halafu, kwa ncha tupu ya brashi, nukta moja ya rangi ya mchanga juu ya pua na moja kwenye kila shavu. Simama. Ngozi nyeusi huwa na mng'ao mdogo lakini mkali, wenye mipaka, na jioni huchukua rangi ya anga. Usiniamini mimi, nenda kijiweni kwa bodaboda saa kumi jioni, utazame paji la uso la dereva aliyevua kofia. Utaona ni wapi hasa pana mwanga na jinsi palivyo padogo. Viganja na nyayo vipe rangi iliyopungua kidogo.

Na wapiganaji 30 wasiwe na ngozi moja. Lugha yetu ina maji ya kunde na ina mweusi tii, na katikati yake mna watu wengi. Kila vijisanamu vitano, sogeza rangi ya msingi: chembe zaidi ya nyekundu hapa, chembe ya njano pale. Kundi zima linapata uhai kwa kazi ya dakika mbili.

Macho yaache kwa sasa. Nasema hivyo kwa sababu nimeona kwenye picha ulivyoyahangaikia, nyeupe imetoka nje ya kope na askari amebaki kama ameshtuka. Kwa urefu wa mkono, jicho la mtu wa milimita 28 ni kivuli tu. Tundu la jicho lililopakwa kahawia nzito linatazama vizuri kuliko jicho jeupe lililokosewa. Ukifika kijisanamu cha ishirini utajaribu tena, na uanze kwa rangi ya mchanga, si nyeupe tupu.

Kwa kuwa unataka rugaruga, mavazi nayo yana kitu cha kukufundisha. Mirambo alifariki mwaka 1884, na katika zama zake misafara iliyopita Tabora ilileta merikani na kaniki kwa majora. Merikani ni pamba isiyopaushwa, kwa hiyo ukiipaka nyeupe ya chupani unakosea historia na unakosea rangi. Anza na kahawia iliyofifia, panda hadi rangi ya mchanga, kisha ya maziwa, na nyeupe iguse ukingo wa mkunjo tu. Nguo nyeupe huonekana nyeupe kwa sababu vivuli vyake vina rangi. Kaniki ni bluu iliyokaribia weusi: bluu nzito ya msingi, mwanga wake ni bluu yenye kijivu. Ukiwa na nafasi pita Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone, hapo nje kidogo ya mji wenu. Udongo wa njia ya kwenda huko ndio udongo wa kupaka chini ya miguu ya vijisanamu vyako. Chota kidogo kwenye karatasi ulinganishe rangi ukifika nyumbani.

Woshi, ile rangi ya majimaji inayotiririka kwenye mabonde kutengeneza vivuli, nadhani uliijaribu kwenye kijisanamu cha saba, kwa sababu mgongoni kuna miduara kama alama ya kikombe cha chai mezani. Sababu ni moja kwa vyote viwili. Ukingo wa tone hukauka kwanza, maji yaliyobaki hukimbilia ukingoni yakibeba unga wa rangi, na unga unabaki pale kama mstari. Usilowanishe mgongo wote. Weka woshi ndani ya mkunjo tu, na ikituama mahali, ifyonze kwa brashi safi yenye unyevu kabla haijashika.

Spreyi ndiyo iliyonitia wasiwasi katika barua yako. Kichwa kuuma siku nzima ni mwili kukwambia ulivuta mvuke wa viyeyusho, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Usipulize tena chumbani, hata dirisha likiwa wazi, na kamwe karibu na jiko la mkaa. Toka nje asubuhi mapema upepo ukiwa bado umelala. Hilo litakusaidia na kazi yenyewe, maana upepo mkavu wa mchana hukausha rangi hewani, ikafika kwenye plastiki ikiwa chengachenga kama msasa. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza kando ya kijisanamu, pitisha, malizia upande wa pili. Spreyi nyingine za magari zina viyeyusho vikali vinavyolainisha plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu vilipotoka vijisanamu. Mimi ningekushauri praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha zinazofuata, ya kupaka kwa brashi, nyembamba, baada ya kuviosha kwa sabuni na mswaki wa zamani kuondoa mafuta ya kiwandani. Na praima hiyo iwe ya kijivu au kahawia. Nyeusi inamsumbua anayeanza kwa sababu inaficha umbo unalotakiwa kulisoma. Vile ulivyokwisha kupuliza nyeusi havijaharibika: chukua brashi pana, ichovye kwenye rangi ya mchanga, ifute kwenye karatasi hadi ibaki karibu kavu, kisha ipitishe juu juu kutoka kichwani kwenda chini. Itashika sehemu zilizoinuka, na utaona uso ukijitokeza gizani.

Kama baada ya kupuliza kifua kilibana, ulipumua kwa sauti ya filimbi, au kichwa kiliendelea kuuma kesho yake, nenda zahanati, na ulibebe kopo lenyewe wasome maandishi yake. Usisubiri hadi irudie.

Kuhusu tetemeko, mikono ya kila mtu hutetemeka ikining'inia hewani. Bandika kijisanamu juu ya kopo tupu la dawa ili usikishike chenyewe. Viwiko viwili mezani, vifundo vya mikono vigusane, na kidole kidogo cha mkono wa brashi kilale kwenye kopo. Mikono miwili ikiwa imeshikana, ikitetemeka inatetemeka pamoja, na kati yake kunabaki utulivu. Zungusha kopo, usizungushe kifundo. Lakini kama mkono unatetemeka hata ukishika kikombe cha chai, hiyo si habari ya rangi, kamwone daktari. Vivyo hivyo kama uso wa kijisanamu unafifia ukiwa sentimita 30 kutoka machoni: kwa umri wako macho hayapaswi kushindwa umbali huo, na kipimo cha macho hospitalini kitakusaidia kuliko brashi yoyote. Mwanga nao usiupuuze. Taa mbili nyeupe, moja kila upande, zinafuta kivuli cha mkono wako mwenyewe. Wavuvi wetu huku hawaendi kutafuta dagaa usiku bila taa, na wewe usitafute pua ya milimita moja kwa balbu ya njano ya dari.

Rangi za bei ghali? Hapana, bado. Chupa saba za akriliki zinatosha kwa karibu yote niliyoandika. Kama una fedha kidogo, nunua brashi moja nzuri, halafu chupa ya rangi ya mchanga kama hunayo. Akriliki za tyubu kutoka duka la vifaa vya shule zinafaa kwa ardhi na mashuka makubwa, ila zitake maji zaidi. Rangi ya maji ya ukutani ina chaki na chenga nene zilizowekwa kuziba ukuta, itumie kwenye nyumba na vilima vya mchezo wenu, humo inapendeza sana. Rangi za posta, zile za maji za kuchorea mabango ya karatasi, ziache, zinayeyuka upya ukipiga mkono wa pili juu yake.

Na usivitoe rangi vile tisa. Viwili vilivyofunikwa sana unaweza kuvitoa baadaye kwa spiriti na mswaki, nje ya nyumba, mbali na moto, baada ya kujaribu kwenye fremu. Thina, petroli na dawa ya kufutia rangi ya kucha visiguse plastiki hii, vinaiyeyusha. Cha kwanza kabisa usikiguse hata kidogo. Kiweke mezani mbele yako unapopaka, kwa sababu jicho linasahau lilikotoka.

Kuna jambo moja ambalo barua haiwezi kukupa, nalo ni kuona brashi ikitua kwenye kitambaa. Tafuta fundi wa kuandika mabango hapo Tabora, umwombe ukae naye nusu siku, ubebe soda. Hatakuwa amewahi kuona kijisanamu maishani, haidhuru. Mtazame anavyobeba rangi. Na ukipanda treni kuja huku, niletee cha tisa na cha kumi. Vifunge kimoja kimoja kwa pamba ndani ya boksi la viatu, na ncha ya brashi yako uivalishe kipande cha mrija wa soda ili isipinde njiani.